Sura ya Tano: Mto Usio na Kadi ya Kliniki

Mvua za bara zikishika, Mto Sabaki huteremka mwekundu kama ngeu. Siku chache baadaye bahari yote kati ya Mambrui na Malindi huwa imebadilika sura: mawimbi yanayovunjika ufuoni yana rangi ya udongo na nyavu hutoka na tope. Hapo ndipo huulizwa swali ambalo msomaji bila shaka amelisikia: "Maji haya yamechafuliwa, au ndivyo yalivyo?" Ni swali la haki, na halikuanzia Mambrui. Wakazi wa Magarini waliwahi kulalamikia visima vyao kugeuka chumvi. Watu wa Mto Mara, upande wa Tanzania, waliliuliza Machi 2022, maji yalipokuwa meusi na samaki wakaelea wamekufa. Na popote makaa ya mawe yanapochimbwa duniani, swali hili huja siku kijito kinapoanza kuwa na rangi ya kutu.

Jibu linategemea jambo moja ambalo husahaulika: tulijua nini kuhusu maji hayo kabla hayajabadilika? Hoja ya sura hii ni kwamba kiwango cha sheria, hata kiwe kizuri namna gani, hakimtii mtu hatiani wala hakimwondolei lawama, iwapo hakuna kumbukumbu ya mto kabla ya mgodi, kiwanda au shamba kubwa kufika. Anayetaka haki ya maji hana budi kuanza kupima mapema, na kuendelea kupima bila kukatiza.

Rangi haitoshi kuwa shahidi

Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye majina mengi. Huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupokea Mto Nairobi uliobeba maji machafu ya jiji, hupita nchi ya Ukambani, hukutana na Mto Tsavo mbugani na kuitwa Galana, na ukikaribia pwani ndipo unapoitwa Sabaki. Baada ya Tana, ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yanayofika Mambrui, basi, yamepitia mikono mingi. Wala hayawahusu wavuvi peke yao. Visima vya Baricho, vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto huu, ndivyo vinavyolisha mifereji ya Malindi na Kilifi hadi Mombasa. Kinachotiwa mtoni kule juu kinamhusu mama anayefungua mfereji wake Kisauni.

Wekundu wa Sabaki asili yake ni kutu. Udongo wa Ukambani una chuma, na chuma kikikutana na hewa huwa chekundu. Sasa linganisha na maji yanayotoka kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hayadhuru. Mchimbaji akiyafunua, hewa na maji huyageuza kuwa asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Maji hayo ya asidi yakikutana na kijito safi, chuma huganda na kuyapaka mawe tope la rangi ya machungwa. Hivyo basi mto wa shamba lililomomonyoka na mto wa mgodi uliovuja yote inaweza kuonekana myekundu, na chanzo cha wekundu kikawa chuma kwa yote miwili. Jicho haliwezi kuitenganisha.

Kinachoitenganisha ni kipimo kidogo kiitwacho pH, ambacho huonyesha ukali wa maji kwa namba kati ya 0 na 14. Namba 7 ni katikati, maji yasiyo makali upande wowote. Ndimu ni karibu 2. Maji ya sabuni hupita 9. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Maji ya pH 3.5 yana uasidi mara 1,000 kuliko maji ya pH 6.5, ingawa namba zinaonekana kukaribiana. Maji yaliyobeba udongo kwa kawaida hukaa karibu na 7; maji ya mgodi uliovuja yanaweza kushuka hadi 3. Na hapa pana mtego mwingine: uasidi ukiwa mkali sana, chuma hubaki kimeyeyuka na maji hutulia, yakaonekana meupe kabisa. Maji maangavu yasiyo na chura wala mwani yanaweza kuwa hatari kuliko maji ya tope yanayowatisha watu.

*Kwa ufupi: rangi hutuamsha tu. Anayetaka kujua kilichomo ndani ya maji ni sharti ayapime.*

Kiwango ni nini hasa?

Kiwango ni mpaka uliowekwa na sheria: kitu fulani kisizidi kiasi fulani katika maji ya matumizi fulani. Nchini Kenya msingi wake ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na kanuni za ubora wa maji zinazotolewa chini yake, kama zile za mwaka 2006. Anayezisimamia ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wengi huijua kwa jina la NEMA. Kanuni hizo za 2006 ziliweka mipaka kwa vyanzo vya maji ya nyumbani, na hii ni baadhi yake:

- pH: kati ya 6.5 na 8.5.
- Tope linaloelea: lisizidi miligramu 30 kwa lita.
- Chumvi zilizoyeyuka, za kila aina kwa jumla: zisizidi miligramu 1,200 kwa lita.
- Floridi, madini yanayotia meno madoa: isizidi miligramu 1.5 kwa lita.
- Madini ya risasi: yasizidi miligramu 0.05 kwa lita.
- E. coli, bakteria wanaotoka kwenye kinyesi: wasiwemo kabisa.

Namba hizi hazisemi kitu mpaka ziletwe nyumbani. Chukua gramu 4 za udongo, kiasi cha kijiko kidogo cha chai, uzichanganye katika mitungi karibu saba ya lita 20: hapo ndipo mpaka wa tope unapofika. Gramu 4 hizohizo zikiwa za risasi, zingefikisha mpaka katika lita 80,000, yaani malori manane ya maji ya lita 10,000. Kuhusu chumvi, maji ya bahari yana takriban gramu 35 kwa lita. Kwa hiyo kikombe kimoja cha bahari kikiingia katika vikombe chini ya 30 vya maji baridi, mpaka umeshavukwa. Mtu wa Mambrui anayeishi mahali ambapo bahari na mto vinasukumana kila siku anaweza kuona jinsi mpaka huo ulivyo karibu.

Kuna jambo la kuelewa vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Kiwango ni makubaliano ya wakati wake kuhusu hatari inayovumilika, na makubaliano hayo husogea. Kanuni za 2006 ziliruhusu risasi ya 0.05 katika chanzo cha maji, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 0.01, mara 5 chini yake. Pia kuna maji yanayovuka mpaka bila mkosaji yeyote: sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina floridi inayotoka kwenye miamba yenyewe. Na Sabaki wakati wa mafuriko huvuka miligramu 30 za tope mara nyingi mno. Kwa hiyo anayeshika kipimo kimoja na kupaza sauti kwamba kiwango kimevukwa amesema kweli, ila hajasema ni nani aliyekivusha. Na anayesema kiwango hakijavukwa hajathibitisha kwamba hakuna kilichoharibika, kwa kuwa tope la mto linaweza kupanda kutoka miligramu 3 hadi 28 kwa lita, karibu mara 10, na bado mto ukawa ndani ya sheria.

Kadi ya kliniki ya mto

Kila mzazi anaijua kadi ya kliniki. Mtoto hupelekwa, hupimwa uzito, na muuguzi huweka nukta kwenye mchoro. Nukta moja haimwambii muuguzi mengi: kilo 8 zinaweza kuwa afya kwa mtoto mmoja na dalili ya hatari kwa mwingine. Kinachozungumza ni mstari unaounganisha nukta. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna jambo. Ukishuka, hakuna kungoja. Mto nao ni hivyo. Kipimo cha leo ni nukta. Ili nukta iwe na maana inahitaji nukta za jana, za mwaka jana, na za kabla ya mgodi. Wataalamu huziita vipimo vya awali, yaani picha ya hali ilivyokuwa kabla ya shughuli kuanza. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Katika karamu hilo ni kweli. Katika kesi ya maji, jana ndiyo yenye ushahidi.

Sabaki una bahati ya kuwa na shahidi mmoja wa kale. Mbele ya Malindi, katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, kuna matumbawe. Tumbawe hujijenga tabaka juu ya tabaka mwaka baada ya mwaka, kama mti unavyoongeza pete. Mto ukileta udongo, huleta pia chembe za madini ya bariamu, na kiasi fulani hufungiwa ndani ya tabaka la mwaka huo. Wanasayansi walipolichunguza tumbawe moja lenye umri wa miaka 300 hivi, walisoma humo historia ya mto: kati ya 1700 na 1900 udongo ulikuja kwa kiasi kisichobadilika sana, kuanzia 1900 hivi ukaanza kupanda, kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka bara, na kati ya 1974 na 1980 ulifika kilele, mara 5 hadi 10 ya hali ya awali.

Ushahidi huu unaumaliza ubishi wa siku nyingi. Wako wanaosema Sabaki umekuwa mwekundu tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna la kuzungumza. Wamepata nusu ya ukweli. Mto ulibeba udongo tangu zamani, lakini wingi tunaouona umeletwa na kazi ya watu: kukata miti, kulima hadi ukingoni, kulisha mifugo mahali pamoja mpaka nyasi ziishe. Tumbawe lilitupa mstari wa kadi, na kwa mstari huo tunaweza kusema kwa uhakika nini kimebadilika na tangu lini. Lakini tumbawe hilo halikuandika kila kitu. Limetuambia udongo umeongezeka bila kutuambia umetoka shamba lipi wala kijiji kipi.

Gharama ya kuchelewa

Kaskazini ya Mambrui, kuanzia Gongoni hadi Marereni huko Magarini, yako mashamba ya chumvi: mabwawa mapana ambamo maji ya bahari hukaushwa na jua. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda hivyo, na mwaka 2006 ikatoa ripoti. Miongoni mwa malalamiko ya wananchi yalikuwa ya ardhi, na ya maji baridi yaliyoharibiwa na chumvi. Tafakari ugumu wa lalamiko la pili. Kisima cha pwani kinaweza kuingiwa na chumvi kutoka kwenye bwawa la jirani. Kinaweza pia kuingiwa na chumvi ya bahari yenyewe, kiangazi kikirefuka au maji yakivutwa kupita kiasi. Njia zote mbili huishia kwenye ladha ileile mdomoni. Kisima ambacho hakikupimwa kabla ya bwawa kuchimbwa humwacha mlalamikaji na neno lake tu, na humwacha mwenye kiwanda na neno lake tu. Mwenye wakili mzuri zaidi ndiye atakayesikika.

Mto Mara ulitoa somo la aina hiyohiyo mwaka 2022. Kamati iliyoundwa na serikali ya Tanzania, ikiongozwa na Profesa Samwel Manyele, ilieleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni ndani ya maji. Wananchi wengi hawakuamini, kwa kuwa eneo hilo lina mgodi mkubwa wa dhahabu, na mwaka 2009 Mto Tigithe ulio karibu nao ulikuwa umeingiwa na maji yenye asidi kutoka mgodini. Kama vipimo vya oksijeni na vya madini vingekuwa vinabandikwa hadharani kila mwezi kwa miaka iliyotangulia, ubishi ungekuwa mfupi, na yeyote mwenye haki angeipata mapema. Imani ya watu haipatikani kwa ripoti ya wiki moja baada ya samaki kufa.

Mfano mchungu kuliko yote upo Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Risasi ilipimwa katika damu ya watoto na wakubwa, na vipimo hivyo vikawa sehemu ya ushahidi ulioiwezesha Mahakama ya Mazingira na Ardhi, mwezi Julai 2020, kuamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa zilifuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Haki ilipatikana, lakini angalia kilichotumika kama chombo cha kupimia: miili ya watu. Maji na udongo vingepimwa mapema na majibu yakaheshimiwa, damu ya watoto isingehitajika kuwa ushahidi.

*Kwa ufupi: asiyepima kabla hulipa baadaye, kwa ubishi usioisha, kwa miaka ya kesi, au kwa afya.*

Makaa ambayo bado hayajachimbwa

Kenya haina mgodi wa makaa ya mawe unaofanya kazi. Tanzania inayo, Kiwira na Ngaka, ambako uchimbaji ulianza 1988 na 2011. Lakini Kenya ina makaa chini ya Bonde la Mui, Kitui, bonde ambalo serikali ililigawa vitalu vinne vya A, B, C na D, na mipango ya kuyachimba imezungumzwa kwa miaka mingi. Mradi ukiamka tena, mazungumzo yatahusu fidia ya mashamba, ajira na mgawanyo wa mapato. Hayo yote ni muhimu. Hata hivyo kuna swali moja ambalo likiachwa wakati huu haliwezi kujibiwa tena: vijito na visima vya Mui vikoje leo? Siku jembe la kwanza la mgodi likiingia, nafasi ya kupima hali ya awali imekwisha, wala hakuna pesa itakayoinunua.

Yaliyotokea Carolina, mji mdogo katika jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, yanaonyesha kwa nini hilo si hofu ya bure. Eneo hilo lina migodi mingi ya makaa. Januari 2012, baada ya mvua kubwa, maji ya asidi kutoka migodini yaliingia katika bwawa linalolisha mji, na wakazi wakakaa miezi kadhaa bila maji ya mfereji yanayofaa, mpaka wakalazimika kwenda mahakamani. Asidi ya mgodi ina tabia mbaya: haikomi mgodi ukifungwa. Pairaiti ikishafunuliwa huendelea kuzaa asidi kwa miaka mingi baada ya mchimbaji wa mwisho kuondoka, na mara nyingi kampuni yenyewe huwa haipo tena.

Pwani yetu imeshaonyesha kwamba kazi ya "kabla" ina nguvu mbele ya sheria. Kampuni moja ilipotaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, cha megawati 1,050, NEMA iliipa leseni mwaka 2016. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni hiyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari kwa mazingira, yaani utafiti unaotakiwa kufanywa kabla ya mradi kuanza. Baraza halikungoja moshi upande wala maji yachafuke. Lilitazama kazi iliyopaswa kutangulia, likaona haikutimia.

Namna ya kupima ili kipimo kisimame

Kipimo kinachoweza kusimama mbele ya hakimu au mbele ya baraza la wazee kina masharti, na mengi hayahitaji digrii.

1. *Juu na chini.* Chukua maji kabla hayajafika mahali panaposhukiwa, na uchukue tena baada ya kupapita, siku hiyohiyo. Tofauti kati ya chupa hizo mbili ndiyo sauti ya mahali hapo. Sharti hili ndilo linaloliondoa tatizo la Sabaki kuwa na tope tayari: tope lililokuja na mto litakuwamo katika chupa zote mbili.
2. *Majira yote.* Pima masika na vuli, pima kusi na kaskazi. Wakati wa kiangazi mto hupungua, na maji machafu yaleyale huwa makali zaidi kwa kukosa ya kuyazimua. Wakati wa mvua ukali hushuka lakini jumla ya uchafu unaobebwa hupanda.
3. *Mwezi na bahari.* Karibu na Mambrui, maji yakijaa bahari hupanda mtoni. Kipimo cha chumvi wakati wa bamvua hakilinganishwi na cha maji mafu, wala cha kujaa na cha kupwa. Andika hali ya bahari kila mara. Hili wavuvi wanalijua kuliko mtu wa maabara.
4. *Chupa safi, barafu na daftari.* Andika saa, mahali, aliyechota na aliyepokea. Chupa ya kupima bakteria iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya siku moja. Chupa ambayo haijulikani ilipitia mikono ya nani haina thamani mahakamani.
5. *Chombo kipimwe kwanza.* Kifaa cha pH hupotoka kama mizani ya duka inavyopotoka. Kabla ya kukiamini, kijaribu kwa maji maalumu ambayo pH yake inajulikana.

Hoja za wanaopinga

Wengine husema kupima ni ghali, na watu wana njaa. Gharama ipo, lakini haiko sawa kwa kila kitu. Maabara inahitajika kwa risasi, kwa aseniki na kwa bakteria, na hivyo vinaweza kupimwa mara chache kwa mwaka. pH na chumvi hupimwa kwa kifaa cha mkononi kinachotumika miaka. Tope hupimwa kwa bomba refu la plastiki lenye alama chini: unamimina maji polepole mpaka alama isionekane, kisha unasoma kina. Mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake wanaweza kufanya hivyo kila wiki. Utaratibu uliopangwa vizuri hutumia kipimo rahisi mara nyingi, na kipimo ghali pale tu kile rahisi kinapopiga kengele.

Wengine husema hiyo ni kazi ya NEMA na ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mwananchi asijitwishe. Ni kweli serikali haiwezi kuachiliwa wajibu wake. Lakini tazama jinsi sheria yenyewe ilivyojengwa. Kanuni za 2006 zilimtaka anayetoa majitaka kuyapima yeye mwenyewe kila siku, na kupeleka kumbukumbu kwa mamlaka kila baada ya miezi 3. Maana yake, namba za msingi zinaandikwa na yule ambaye namba hizo zinaweza kumhukumu. Huenda ni mwaminifu. Lakini hata mwenye duka mwaminifu hukaguliwa mizani yake. Vipimo vya jamii ndio ukaguzi huo. Haviwezi kuchukua nafasi ya maabara iliyothibitishwa, ila vinaweza kusema: hapa pana mashaka, njooni.

Wengine wanaogopa kwamba masharti mengi yatamfukuza mwekezaji, na vijana wa Kitui na Magarini watakosa kazi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu umaskini ni kweli. Lakini vipimo vya awali humlinda mwekezaji mwadilifu kuliko mtu mwingine yeyote. Kama chumvi ilikuwamo kisimani kabla hajaja, karatasi itamtetea. Anayepaswa kuviogopa ni yule aliyepanga kuchafua, na huyo hana ajira ya kudumu ya kumpa mtu. Mvuvi aliyepoteza samaki na mkulima aliyepoteza kisima nao walikuwa na kazi.

Mwisho wako wanaosema kwamba hata tukipima, majibu yatafungiwa kabatini. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ipo kwenye sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 43, haki ya maji safi na salama. Cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Na cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Namba zilizo kabatini ni mali ya mwenye kuomba kwa maandishi.

Neno kwa msomaji

Turudi kwenye swali la mwanzo: maji haya yamechafuliwa, au ndivyo yalivyo? Kwa udongo wa Sabaki, tumbawe limeshajibu: yamebadilishwa na kazi za watu, na tunajua kwa kiasi gani. Kwa visima vingi vya pwani na vijito vingi vya bara, hatutaweza kujibu mpaka tuanze kuandika. Kuanza kwenyewe kunawezekana mwezi huu. Chama cha watumiaji wa maji, kikundi cha wavuvi cha ufuoni au shule iliyo karibu na daraja la Sabaki inaweza kuchagua mahali pawili pa kudumu, siku moja ya mwezi, na daftari moja lisilobadilishwa. Ombi la maandishi linaweza kwenda NEMA kuuliza vipimo vya miaka iliyopita. Na wakazi wa Mui, ambao mto wao bado haujaguswa na mgodi, wana nafasi ambayo watu wa Carolina hawataipata tena.

Mtoto anayezaliwa leo Mambrui atapewa kadi yake ya kliniki kabla hajamaliza wiki chache duniani. Maji atakayokunywa maisha yake yote yanastahili kadi yake pia. Ifungue wewe, uweke nukta ya kwanza, na uandike tarehe.